Adabu ya Mwongozo: Maandishi ya Kuwapokea Wageni wa Linux

Kuna maandishi ambayo wahakiki huyapita bila ya kuyasalimu. Kanuni za chama, maelezo yabandikwayo juu ya chupa ya dawa, na kijitabu kielezacho matumizi ya chombo, yote haya husomwa na watu wengi kuliko mashairi, walakini hayawekwi katika mizani ya fasihi. Sababu yake ni dhana kwamba maandishi ya kazi hayana mtindo, na kwamba yakisha kueleweka yamemaliza wajibu wake. Dhana hiyo ni dhaifu. Maandishi ya kazi yana msemaji na msemewa. Yana mwanzo, kati na mwisho. Huchagua la kusema na la kunyamazia. Tena mtu akipotoshwa nayo, hasara yake huwa kubwa kuliko ya mtu aliyesoma shairi baya, kwa kuwa shairi baya humpotezea saa moja, na maelezo mabaya ya dawa yaweza kumpotezea maisha.

Miongoni mwa maandishi hayo yapo yaliyozidi kuandikwa tangu miaka ya 1990, nayo ni miongozo ya watu wanaotaka kuacha mfumo wa kompyuta waliouzoea na kuhamia Linux. Mfumo wa uendeshaji ndio programu kuu ya kompyuta: huamsha viungo vyake, hutunza mafaili, na kuziwezesha programu nyingine zote kufanya kazi. Linux ni mfumo huria, maana yake ye yote ana ruhusa ya kuusoma ulivyoandikwa, kuubadili, kuunakili na kumgawia mwenzake. Kuhama kutoka mfumo mmoja kwenda mwingine hufanana na kuhama nyumba. Vyombo havina budi kutolewa nje, wala si vyote vitakavyopita katika mlango mpya. Basi mwongozo wa uhamaji una kazi mbili. Ya kwanza ni kuonyesha njia. Ya pili ni kumwambia mhamaji atakachopoteza, na kumwambia mapema. Miongozo mingi huitenda kazi ya kwanza kwa ustadi na kuikimbia ya pili. Na kwa kuwa kazi ya pili ndiyo ngumu, hapo ndipo thamani ya mwandishi ipasapo kupimwa.

Historia ya maandishi haya ni fupi, nayo inafaa kutajwa kwa sababu imeacha alama katika lugha yake. Mwaka 1983 Richard Stallman, Mmarekani, alitangaza mradi wa GNU, uliokusudia kutunga mfumo mzima ulio huria. Tarehe 25 Agosti 1991 Linus Torvalds, mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Helsinki, alitangaza kwamba alikuwa akitunga mfumo wake mwenyewe. Mwaka uliofuata aliuweka chini ya leseni ya GNU, na kazi za watu hawa wawili zikakutana. Mwaka huo huo wa 1992 ulianza mradi wa kuandika maelezo ya mfumo huo, ulioitwa Linux Documentation Project. Mmoja wa waanzilishi wake, Matt Welsh, alitunga kitabu cha kusakinisha Linux na kuanza kuitumia, kilichogawiwa bila ya malipo. Pamoja na vitabu zilitungwa makala fupi fupi zilizoitwa HOWTO, kila moja ikieleza jambo moja: namna ya kuunganisha printa, namna ya kugawa diski, namna ya kutumia modemu.

Waandishi hao wa kwanza waliwaandikia watu waliofanana nao. Msomaji wao alidhaniwa kuwa anaijua kompyuta yake kama fundi wa saa azijuavyo gurudumu zake, na mtu asiyejua alibaki mlangoni. Huo ni upungufu, na umelaumiwa sana. Lakini upungufu huo ulikuwa na fadhila yake, nayo ilisahaulika baadaye. Waandishi hao hawakuficha hatari. Maelezo ya XFree86, programu iliyochora picha na madirisha juu ya kioo, yalimwonya msomaji waziwazi kwamba akiandika vipimo visivyolingana na kioo chake, kioo cha zamani chaweza kuharibika. Onyo kama hilo halimpendezi mtu, ila linamheshimu. Linamchukua kuwa mtu mzima mwenye mali yake na mwenye haki ya kujua kabla ya kuitia mali hiyo hatarini.

Baadaye msomaji alibadilika. Mwaka 2000 Klaus Knopper, Mjerumani, alitoa Knoppix, Linux iliyoweza kuendeshwa kutoka katika CD bila ya kugusa diski ya kompyuta, na hivyo mtu akapata kuonja chakula kabla ya kukiagiza. Oktoba 2004 ilitoka Ubuntu, iliyoanzishwa na Mark Shuttleworth wa Afrika ya Kusini. Neno hilo ni la lugha za Kinguni, na msomaji wa Kiswahili halihitajii kamusi: mzizi wake ni ule ule wa mtu na utu. Wenye Ubuntu walijinadi kwamba Linux yao ni ya wanadamu, wala si ya mafundi peke yao. Kwa muda wa miaka kadhaa, hata mwaka 2011, walimpelekea CD kwa posta, bila ya malipo, mtu ye yote aliyeomba, po pote duniani. Kwa hivyo karani, mwalimu na mwanafunzi waliingia katika jamii ya wasomaji. Mwandishi wa mwongozo alijikuta anazungumza na mgeni asiyemjua, na ilimpasa kutafuta sauti mpya.

Kundi la mwisho la wageni limesukumwa zaidi kuliko lilivyovutwa. Tarehe 14 Oktoba 2025 kampuni ya Microsoft ilikomesha msaada wa kawaida kwa Windows 10. Windows 11 iliyoifuata hudai kompyuta iwe na chipu ya ulinzi iitwayo TPM 2.0 na kichakato cha miaka ya karibuni, na kompyuta nyingi zilizo nzima kabisa hazina sifa hizo. Mwenye kompyuta ya namna hiyo hana mapenzi wala chuki na mfumo wo wote. Ana barua zake, picha za watoto wake na hesabu za duka lake, na chombo alichokinunua kwa taabu kimeambiwa kuwa kizee. Msomaji huyu ndiye mwenye haja kubwa ya mwongozo kuliko wote waliomtangulia, naye ndiye aliye rahisi kudhurika.

Umbo la miongozo ya siku hizi ni karibu moja. Huanza kwa sifa, hufuata uchaguzi, kisha safari yenyewe, kisha maisha ya baadaye. Kila sehemu ina desturi zake, na kila desturi yafaa kuulizwa inamtumikia nani.

Sehemu ya sifa ndiyo iliyo nyepesi kuandika, na kwa hivyo aghalabu ndiyo ndefu. Msomaji huambiwa kwamba Linux ni salama, ni nyepesi, haina gharama, na humwachia mtu uhuru wake. Mengi ya haya ni kweli. Kasoro iko katika namna ya kuyasema, kwa sababu mwandishi huacha kuwa kiongozi wa njia akawa mhubiri. Lugha ya Kiingereza, ambayo ndiyo mama wa sehemu kubwa ya maandishi haya, ina mtego hapa: hutumia neno moja kwa kitu kisicho na bei na kwa kitu kilicho huru. Stallman ametumia miaka mingi kuwaeleza watu tofauti ya maana hizo mbili. Kiswahili hakina haja ya taabu hiyo, kwani kina bure na kina huria, na kila neno linakaa kwake. Tena neno bure lina onyo ndani yake, maana kitu cha bure ni kitu kisicho na bei, na kazi ya bure ni kazi isiyo na faida. Mwandishi wa Kiswahili anayeanza mwongozo wake kwa kunadi bure, huku ana neno huria mkononi, amechagua sifa ndogo akaacha kubwa. Isitoshe, amemwahidi mgeni kwamba hatalipa kitu, hali mgeni atalipa kwa siku zake, kwa mazoea yake, na pengine kwa mafaili yake.

Sehemu ya uchaguzi huingia kwa sababu Linux ina matoleo mengi: Debian, Fedora, Ubuntu, Linux Mint na mengine yasiyohesabika kwa urahisi. Hapa mwandishi dhaifu hugeuka mnadi wa soko. Hupanga matoleo kumi, akasifu kila moja kwa mistari mitatu, kisha akamwachia mgeni achague lile limfaalo. Yaonekana kama heshima kwa uhuru wa msomaji, na kwa kweli ni kumtupa. Mtu anayeijua Linux hana haja ya orodha hiyo, na asiyeijua hana kipimo cha kuipimia. Mwenyeji mwema akiulizwa njia na mgeni usiku, hamtajii njia zote za mji. Humwonyesha moja iliyo salama, akamwambia kwamba nyingine ziko na kwamba atazijua kulipokucha.

Sehemu ya tatu, safari yenyewe, ndiyo moyo wa mwongozo. Mgeni hupakua mfumo, huuandika katika flashi, huiwasha kompyuta kutoka katika flashi hiyo, huujaribu, kisha huusakinisha. Katika mwendo huu wote kuna hatua moja isiyofanana na nyingine. Ni pale programu ya kusakinisha inapouliza diski itumiwe vipi, na moja ya majibu ni kufuta diski yote. Kabla ya hatua hiyo kila kosa lina marekebisho: flashi yaweza kuandikwa tena, kompyuta yaweza kuzimwa na kuwashwa. Baada yake, barua, picha na hesabu zilizokuwamo hazipo tena kwa mtu wa kawaida. Mshairi humpima mshairi mwenzake kwa kina na mizani. Mwandishi wa mwongozo yafaa apimwe kwa sentensi anayoiandika mahali hapo.

Katika miongozo mingi sentensi hiyo ni ya aina hii: Chagua kufuta diski, kisha bonyeza tu kuendelea. Neno la kuangaliwa ni tu. Ni silabi moja, na ndiyo iliyo danganyifu kuliko zote katika maandishi haya. Humwambia mgeni kwamba jambo ni dogo. Na kama ni dogo, anayelikosea ni mjinga, na anayeogopa ni mwoga. Mwandishi hakukusudia ubaya. Kwake yeye jambo ni dogo kweli, kwani amelifanya mara mia, na mafaili yake ana nakala zake mahali pawili. Tu ni kipimo cha mazoea ya mwandishi, kilichobandikwa juu ya tendo la msomaji. Mahali pengine neno hilo ni upuuzi usiodhuru. Mahali hapa ni uongo.

Sentensi bora haihitaji ufundi mkubwa. Yaweza kuwa hivi: Ukichagua kufuta diski, picha, barua na hesabu zote zilizomo zitapotea, wala hazitarudi, kama hujazinakili mahali pengine, na kuzifungua huko ukaziona kwa macho yako, simama hapa. Sentensi hii ni ndefu kidogo kuliko ile ya kwanza, na haina tishio ndani yake. Inataja vitu kwa majina yake, haisemi data. Inasema kinachotokea, inasema sharti, na inampa mgeni ruhusa ya kusimama. Ruhusa hiyo ya mwisho ni adimu sana katika miongozo. Karibu kila mwongozo una mkono wa kumvuta msomaji mbele, na mchache una kiti cha kumkalisha. Mwongozo rasmi wa Debian, ambao kwa mengine hausifiwi kwa wepesi, umeweka shauri la kunakili mafaili katika sura ya matayarisho, kabla mtu hajagusa cho chote. Ni mpangilio mzuri, kwa sababu onyo linalokuja baada ya tendo ni taarifa ya msiba.

Onyo nalo lina adabu yake, na adabu hiyo ni kutoa sababu. Mfano mzuri ni mwongozo wa kusakinisha Linux Mint. Humtaka mgeni, kabla ya kuuandika mfumo katika flashi, ahakikishe mambo mawili: kwamba faili alilolipakua limefika zima, na kwamba limetoka kwa wenyewe kweli. Wageni wengi huiruka hatua hii, na miongozo mingi ya watu wengine huifuta kabisa ili safari ionekane fupi. Walakini tarehe 20 Februari 2016 wahalifu waliingia katika tovuti ya Linux Mint, wakawaelekeza watu kwenye faili bandia lililotiwa mlango wa siri. Aliyepakua faili hilo siku ile akalisakinisha bila ya kulihakiki alimkabidhi mwizi ufunguo wa nyumba. Mwandishi akimwambia mgeni hakiki faili, bila ya zaidi, amemtwisha mzigo. Akimsimulia kisa hicho kwa sentensi mbili, amempa akili. Na mgeni ataihakiki kazi yake hata siku ambayo hakuna mwongozo mbele yake.

Kitabu kinachoonyesha adabu hii kwa ukamilifu si mwongozo wa kuhama, ila hupewa wageni wengi mara wakisha kuhama. Ni The Linux Command Line cha William Shotts, kilichochapishwa mwaka 2012 na No Starch Press, nacho pia hupatikana bila ya malipo. Somo lake ni dirisha la amri, mahali ambapo mtu huandika amri kwa kibodi badala ya kubonyeza picha, na ambapo wageni huogopa kuliko po pote. Shotts huanza na amri zisizoweza kumdhuru mtu, kama ile ionyeshayo tarehe na ile ionyeshayo kalenda. Mgeni huandika, hujibiwa, na hofu hupungua kwa vitendo bila ya kubembelezwa. Afikapo kwenye amri ya kufuta mafaili, hasemi kwamba ni rahisi, wala hamfukuzi msomaji. Hueleza kwamba Linux haimwulizi mtu mara mbili, kisha hutoa shauri: anayetaka kufuta mafaili mengi kwa alama moja, kwanza aitumie alama hiyo na amri ya kuorodhesha, aone ni yapi yatakayoguswa, ndipo aweke amri ya kufuta mahali pa ile ya kuorodhesha. Katika shauri hilo moja kuna hatari, sababu na kinga. Mwalimu hakupunguza ukali wa kisu. Amefundisha namna ya kukishika.

Sehemu ya nne ya miongozo ni maisha baada ya kuhama, na hapa kosa kubwa ni kimya. Mgeni huachwa mbele ya kioo kipya kizuri, akapongezwa, na maandishi yakakoma. Kesho yake hufungua barua ya kazini iliyotungwa kwa Microsoft Word akakuta mistari imehama mahali pake. Hutafuta Photoshop, akakuta kwamba wenye programu hiyo hawakuitungia Linux. Printa yake pengine hutambuliwa mara moja, pengine hukataa kabisa. Mambo haya yana tiba, au yana badala, na wenyeji wanayajua. Kwa kuwa wanayajua, kuyanyamazia si ujinga. Ni hofu kwamba mgeni akiyasikia mapema hatakuja. Mwenye duka la vitambaa anayekunja upande wenye doa ndani ana hofu hiyo hiyo.

Kisa cha mji wa Munich, Ujerumani, kinaonyesha kwamba kimya hiki kina bei hata kwa wakubwa. Halmashauri ya mji huo iliamua mwaka 2003 kuziondoa kompyuta zake katika Windows. Kufika mwisho wa mwaka 2013 kompyuta zipatazo 14,800 zilikuwa zimehamishiwa Linux. Mwaka 2017 halmashauri ikapiga kura ya kurudi Windows. Watu wanabishana mpaka leo juu ya sababu: wengine hutaja siasa, wengine hutaja mpangilio mbaya wa idara, wengine hutaja manung'uniko ya makarani juu ya barua zisizofunguka sawasawa. Mhakiki wa maandishi hana haja ya kuamua ubishi huo. Yamtosha kuona kwamba kuhama ni jambo la miaka, wala si la alasiri moja, na kwamba hadithi inayokomea mlangoni haijasimuliwa. Mwongozo unaosema dakika ishirini na umekwisha, hupima muda wa kusakinisha na kuuita muda wa kuhama.

Patakuwa na watu wa kupinga hoja hii. Watasema kwamba mgeni akielezwa hatari zote na hasara zote atakimbia, na atabaki na mfumo usiopata tena marekebisho ya usalama, ambayo ni hatari kubwa zaidi. Pingamizi hili lina uzito na halifai kudharauliwa. Mwongozo uliojaa maonyo husomwa kama hati ya mahakama, na msomaji aliyechoka hupitiliza maonyo yote pamoja, la maana na lisilo la maana. Lakini jibu lake limo ndani yake. Kinachotakiwa ni mizani, onyo liwekwe mahali pa hatari na si penginepo. Mwandishi anayeonya kila hatua hajui ni ipi yenye hatari. Asiyeonya hata moja hajali. Tena aliyehama baada ya kuambiwa ukweli, akikutana na printa iliyokataa, husema kwamba aliambiwa. Aliyehama kwa sifa tupu, akikutana na printa hiyo hiyo, husema kwamba alidanganywa, naye hurudi alikotoka na kuwaonya jirani zake. Sifa nyingi huleta wageni wengi, na ukweli huwafanya wakae.

Limebaki suala la sauti, nalo lawahusu hasa wale watakaoandika miongozo hii kwa Kiswahili. Nyenzo za awali zipo. Mwaka 2004 mradi wa Kilinux, uliohusisha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ulitoa Jambo OpenOffice, programu za ofisi zenye maneno ya Kiswahili, na kazi hiyo ilionyesha kwamba msamiati waweza kupatikana watu wakiutafuta. Msamiati, hata hivyo, ni nusu ya kazi. Mwongozo ni maandishi ya amri, na Kiswahili kina ngazi nyingi za kuamuru. Bonyeza ni amri ya mkubwa kwa mdogo, au ya rafiki kwa rafiki. Ubonyeze ina ushauri ndani yake. Waweza kubonyeza huacha mlango wazi. Hubonyezwa humwondoa mtu kabisa, ikabaki desturi. Katika miongozo iliyofasiriwa neno kwa neno, ngazi ya kwanza hutumiwa kutoka mwanzo hata mwisho, na mtu mzima mwenye mvi hujiona kama kuruta uwanjani. Mwandishi msikivu atatumia amri fupi katika hatua zisizo na madhara, kwa sababu ufupi huokoa muda, na atapanda kwenye ushauri penye hatari, kwa sababu hapo uamuzi ni wa mwenye mali.

Jamii za Waswahili hazikuanza jana kujua maandishi na maneno ya kumwongoza mtu anayevuka kutoka hali moja kwenda nyingine. Kungwi kazi yake ni hiyo. Utenzi wa Mwana Kupona, uliotungwa Lamu yapata mwaka 1858, ni usia wa mama kwa binti yake, na nguvu yake yatokana na ukaribu wa msemaji na msemewa: mama anajua ni nani aliyeketi mbele yake, na anajua kwamba hatakuwapo siku mawaidha yatakapohitajiwa. Mwandishi wa mwongozo wa kompyuta yu katika hali iyo hiyo, ijapokuwa somo lake ni la kidunia zaidi. Naye hatakuwapo. Mgeni atakuwa peke yake usiku, mbele ya swali lililoandikwa kwa lugha ya kigeni, na kidole chake kiko juu ya kitufe.

Ukaribu huo wataka mwandishi amjue msomaji wake na hali yake. Miongozo iliyotungwa Ulaya na Marekani humdhania msomaji kuwa na kompyuta ya pili ya kusomea maelezo huku ya kwanza imezimwa, diski ya pembeni ya kuwekea nakala, na intaneti isiyopimwa. Ubuntu ya mwaka 2004 ilienea katika CD moja, Ubuntu 24.04, ya mwaka 2024, ni faili la zaidi ya gigabaiti 5. Kwa anayenunua bando kwa siku, hiyo ni gharama ya kutajwa mwanzoni pamoja na sifa. Kwa aliye na kompyuta moja, shauri la kwanza lapasa kuwa ayanakili maelezo katika simu au karatasi kabla ya kuizima. Tena kompyuta nyingi mpya zenye Windows huifunga diski kwa siri, na kubadili mipangilio ya kuwashia kwaweza kuifanya idai ufunguo wa kuokolea ambao mwenyewe hajapata kuuona. Mwandishi anayeyajua haya na kuyaweka mahali pake amefanya kazi ya fasihi, hata kama hajatumia tamathali hata moja.

Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Methali hii yaifaa Linux kuliko mifumo mingine, kwa kuwa mfumo huria hustawi kwa jembe la waliokuwa wageni: mmoja hurekebisha kosa, mwingine hufasiri maneno, wa tatu huandika maelezo. Lakini methali imetaja siku mbili kabla ya jembe, na siku hizo ni haki ya mgeni. Miongozo inayomsifia nyumba na kumficha shimo lililo uani humvunja mguu kabla ya siku ya tatu, na shamba hupoteza mkulima. Mwongozo unaomwonyesha shimo, ukampa taa, ukamwambia wapi pa kukaa akichoka, waweza kuwa na lugha ya kawaida kabisa. Na mtu aliyeusoma, siku yake ya kuandika ikifika, atajua mfano wa kufuata.